Goti linalouma upande wa nje kila ukirudi kukimbia
Unapumzika wiki mbili, unarudi barabarani, kilomita ya tatu goti linauma palepale. Mara nyingi chanzo ni ule ukanda mgumu unaoshuka kutoka nyonga hadi chini kidogo ya goti. Goti likikunjwa kama nyuzi 30, ukanda hubana tishu laini dhidi ya mfupa, ndiyo maana mteremko huuma kuliko kupanda.

Kuusugua kwa rola (silinda ya sponji ya kukandia misuli) hakuurefushi, ni mgumu mno. Kazi halisi iko kwenye nyonga. Lala ubavu, mgongo na kisigino vikigusa ukuta, inua mguu wa juu taratibu: mara 15, seti 3, siku moja ndiyo, moja hapana. Wengi huuachia mguu usogee mbele, basi msuli wa mbele ya nyonga unabeba kazi yote na matako yanalala tu! Ikishakuwa rahisi, hamia kushuka kidato cha ngazi kwa mguu mmoja, goti lisiingie ndani.

Ukirudi kukimbia, anza tambarare, fupisha hatua na uongeze idadi yake kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10. Goti likivimba au kukwama, lipimwe kwanza. Huo si ukanda.