Kile kifuniko sikukitoa mimi

Vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto, cha shahada na cha kati, vilikatwa na msumeno wa duara. Jambo la kwanza msimamizi alilonieleza pale wodini ni kwamba sikuwa makini.

Nilimwamini karibu mwezi mzima. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kifuniko cha kinga cha ule msumeno kilikuwa kimefunguliwa kabla sijaajiriwa. Kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimejaa vumbi la mbao, kwa sababu kilipunguza kasi ya kupasua. Kila bosi aliyepita pale alikiona.

Mkataba Namba 119 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1963, unahusu jambo hili hili: mfanyakazi asitakiwe kutumia mashine ambayo vifaa vyake vya kinga havipo mahali pake. Nchini Uingereza, mwaka 1937, majaji wa juu kabisa waliamua kwamba wajibu wa mwajiri kuweka utaratibu salama wa kazi ni wake mwenyewe; hata akimkabidhi meneja, hauondoki mabegani mwake.

Nami nilichoka siku ile, sikatai. Ilikuwa saa ya kumi na moja ya zamu. Lakini binadamu huchoka, na kifuniko huwekwa kwa ajili ya mkono uliochoka.

Ukiumia, mwombe mwenzako apige picha ya mashine mapema, kabla haijarekebishwa. Yangu, niliporudi, ilikuwa na kifuniko kipya kinachong'aa.