Nilivyomfikisha Bibi Bolama

Kwa wiki tatu kila asubuhi mimi na Bibi tulikuwa na mazoezi bafuni kwake, Rotterdam. Anakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, ananishika kifundo cha mkono nami namshika chake, halafu anageuza miguu yote miwili kuiingiza ndani bila kuinua kiuno. Viganja hatushikani, maana kiganja chenye maji kinachopoka. Kifundo kwa kifundo hakichopoki. Bibi ana miaka 81 na nyonga yake ya kulia ni ya bandia. Beseni ndilo lilikuwa boti, na mimi baharia.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, na kwa Bibi huyu nipo mwaka wa sita. Namwita Bibi kwa sababu jina lake la Kidachi lilinishinda siku ya kwanza, na siku nilipolimudu akawa halitaki tena. Marehemu mumewe alikuwa fundi mitambo kwenye meli za mizigo. Mwaka 1962 alimtumia picha ya jengo lenye nguzo nyeupe ndefu, nyuma kaandika neno moja tu: Bolama. Picha hiyo naifahamu, imebanwa kwenye friji tangu nianze kazi pale. Basi alipoona tangazo la meli ndogo ya msafara, Dakar hadi Freetown, usiku kumi, kupitia visiwa vya Bijagós vya Guinea-Bissau na kutia nanga Bolama, akaniambia ama analipa nauli mbili ama haendi.

Meli za namna hii si yale maghorofa yanayoelea. Abiria hawafiki hata mia mbili. Pwani ile ina kina kifupi na magati yake ni machache, kwa hiyo meli inatia nanga mbali na watu wanapelekwa nchi kavu kwa boti za mpira zenye injini. Nyingi zinashinda kwenye barafu za kusini ya dunia, na ikifika Aprili zinapanda kwenda Ulaya. Ndiyo maana sisi tulisafiri Aprili 2025, wiki moja na siku kidogo baada ya Idi.

Makaratasi yalisumbua, na usumbufu wote ulikuwa upande wangu. Ofisi iliyouza safari ilituma barua moja ya viza kwa abiria wote, na ukiisoma unaona kabisa kaandikiwa mtu mwenye pasipoti ya Ulaya. Mimi nina ya Tanzania. Niliandikia ubalozi mmoja baada ya mwingine, nchi zote nne, Senegal, Gambia, Guinea-Bissau na Sierra Leone, na kila jibu nikalichapisha nikalitia kwenye bahasha. Anayesafiri na pasipoti kama yangu asikubali kuambiwa kwa simu kwamba "itajulikana bandarini". Halafu kadi ya njano. Nilichanjwa homa ya manjano Dar mwaka 2009, na yule wa ofisini akashikilia kwamba muda wake umekwisha kwa kuwa imepita miaka kumi. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limeondoa ukomo huo, chanjo moja inatosha maisha, hata kama kadi yenyewe imeandikwa miaka kumi. Nikawatumia kanuni. Wakanyamaza siku tatu, kisha likaja neno "sawa". Kanuni hiyo hiyo ilimwokoa Bibi, aliyechanjwa zamani walipokwenda Kenya na mumewe. Kuchanjwa mara ya kwanza ukiwa umepita miaka sitini, madaktari wanapima sana kabla ya kukubali.

Vidonge vya malaria nilitaka kuviruka. Mtu wa Lindi, malaria nimekua nayo! Daktari akaniuliza nina miaka mingapi Ulaya. Kumi na mmoja, nikamjibu. Akaniambia kinga ya utotoni imeshaniaga. Nikameza.

Siku ya kwanza melini nilikuwa nimesimama karibu na mtungi wa kahawa. Mzee mmoja akaja, akanikabidhi kikombe chake kitupu bila kunitazama, akaendelea na maongezi. Nikakipokea. Kisha nikamwomba tafadhali na yeye anishikie changu. Tulisimama hivyo, kila mmoja na kikombe cha mwenzake, mpaka akaelewa. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa wa kwanza kunisalimia, masikini.

Gorée, kisiwa kilicho mbele ya Dakar, hakuna magari, ni vichochoro tu na kuta za rangi ya udongo, na Bibi alitembea na fimbo yake mpaka Nyumba ya Watumwa. Wanahistoria wamebishana sana ni wangapi hasa waliopitishwa kwenye ule mlango unaotazama bahari, lakini ukisimama mbele yake ubishi huo unauweka pembeni. Mama mmoja wa meli yetu akanishika bega, analia, ananiomba msamaha. Nikampa leso. Nilitaka kumwambia mimi natoka pwani nyingine, ambako misafara ilishuka kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa na Lindi, na leo wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wanachota maji bomba moja na hakuna anayeuliza. Foleni ilikuwa inasogea, nikanyamaza.

Mto Gambia ndipo tuliposhindwa. Kisiwa cha Kunta Kinteh, chenye magofu ya ngome ya watumwa na kilichoitwa James hadi 2011, siku hizi hakifiki ukubwa wa uwanja wa mpira, mto umekimega pande zote. Bibi alikitazama kwa darubini kutoka juu ya sitaha. Maji yalikuwa yamekupwa, vidato vya gati la kijijini vimebaki juu na vina ukoka wa bahari, na kiongozi wa msafara akasema hapana. Sikumlaumu. Ila jioni ile nilianza kuangalia mwezi.

Usiku wa tarehe 12 ukawa mpevu. Bamvua! Kwetu Lindi, mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa saa kumi, alfajiri na alasiri, na hutoka saa nne. Bibi yangu mzaa mama hakuwa na saa ya mkononi maisha yake yote, na hakuwahi kuchelewa kwenda kuchokoa pweza. Kwa hiyo tulipofika kisiwa cha kwanza cha Bijagós nilimwambia Bibi huyu wa Kidachi, kwa kujiamini kabisa, tusubiri boti la mwisho la alasiri. Saa kumi maji yatakuwa mpaka kwenye miti, utashuka kama unashuka kitandani.

Kumbe kila pwani na saa yake. Mwezi ni ule ule, lakini wimbi la kujaa linazunguka bahari kwa njia zake, linapita kwenye vilindi na maji mafupi, na kila bandari linaifikia kwa wakati wake. Na Bijagós, visiwa vyake 88 vimekaa juu ya tambarare za tope zisizo na mwisho. Maji yakianza kutoka yanakimbia. Tulikuwa bado mbali na mchanga boti lilipokita. Kijana wa usukani akaizima injini, akaiinua, akatazama chini, akaongea kwenye redio kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchekwa.

Nikashuka kusukuma naye. Tope likanifika magotini, zito, la uvuguvugu, lina harufu ile ile ya mikoko ya kwetu. Nilipovuta mguu wa kushoto ukatoka peke yake. Yeboyebo ilibaki huko chini na iko huko hadi leo. Pembeni yetu vitwitwi kwa maelfu walikuwa wanadonoa tope kwa haraka, wanajaza matumbo kabla ya kuruka kwenda kuzaliana kaskazini ya mbali. Bibi amekaa kwenye ukingo wa boti, kafungua mwavuli, anakula biskuti. Dakika arobaini na kitu zilipita hivyo, mpaka boti jingine likaja kutuvuta kwa kamba. Tukiwa tunarudi melini, bila kukanyaga kisiwa, aliniangalia miguu, kisha kwa Kiswahili chake cha maneno thelathini akasema, "Lindi mbali."

Usiku huo nilipanda chumba cha usukani, kwenye meli hizi abiria wanaruhusiwa. Nikamwomba afisa wa zamu jedwali la maji. Alilitoa bila swali, karatasi tu, imeandikwa kila siku maji yanajaa saa ngapi na kwa kimo gani. Nikanakili ya Bolama kwenye kiganja kwa kalamu. Kila siku inachelewa karibu dakika hamsini. Hilo angalau bibi yangu alikuwa kanifundisha sawasawa. Nikalinganisha na ratiba ya kushuka. Kundi letu lilikuwa la mwisho, yaani tungefika gatini maji yakiwa yameshatoka.

Asubuhi nilimfuata kiongozi wa msafara. Habari za nyonga sikuzitaja, za nyonga alishazisikia Gambia. Nilimwonyesha kiganja. Nikamwambia tunataka boti la saa hii, tushuke maji yakiwa usawa wa gati, na tutakuwa tumerudi kabla hayajateremka vidato viwili. Akatazama kiganja, akatazama saa. Akatupa boti na mabaharia wawili.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa, baada ya wiki zote zile za beseni. Ukingo wa boti na ukingo wa gati vimelingana. Bibi akakaa, akageuza miguu, akashikwa kifundo na baharia wa juu, mimi nyuma nimemshika mkanda wa jaketi la kuokolea. Alisimama Bolama hata kabla sijamaliza kusema bismillahi.

Bolama ulikuwa mji mkuu wa Guinea ya Wareno hadi 1941, ulipohamishiwa Bissau. Kabla ya hapo Waingereza na Wareno walikigombania kisiwa hiki hadi mwaka 1870, Rais Ulysses Grant wa Marekani alipoombwa kuamua akawapa Wareno. Sasa barabara ni pana na hazina magari, nyumba za kikoloni zimeota miti madirishani. Jengo la nguzo lipo. Paa limeporomoka, mbuzi wamelala kwenye ngazi. Bibi akaitoa ile picha kwenye mfuko wa plastiki, akanyoosha mkono, akasogea kushoto, akarudi nyuma hatua mbili, mpaka nguzo za kwenye karatasi zikakaa juu ya nguzo zenyewe. Alijua mumewe alisimama wapi. Nikaenda zangu pembeni.

Kilichonipeleka pembeni ni harufu pia. Mabibo! Harufu ya mabibo yaliyoiva na kuanza kuchacha haifanani na kitu kingine duniani, na nilikuwa sijaisikia kwa miaka. Korosho ndiyo inayoilisha Guinea-Bissau, na msimu wao ni huu wa Aprili, wakati sisi kusini tunavuna kuanzia Oktoba. Chini ya mkorosho mama mmoja alikuwa ananyonga korosho kutoka kwenye mabibo, za kuuza anatia kwenye beseni, mabibo anatia kwenye ndoo ya kukamulia mvinyo. (Kwetu tunaita uraka. Mimi sinywi, lakini marehemu mjomba alikunywa sehemu yangu.) Aliniambia "Kuma di kurpu?", mwili wako waendeleaje, ndivyo Krioli yao inavyosalimia. Krioli sina, nikakaa chini nikaanza kunyonga naye. Alinitazama vidole mara moja tu, akanisogezea ndoo. Yeye anaita kaju, na wazee wa kwetu mti wenyewe wanauita mkanju. Mreno aliuleta kutoka Brazili akaupanda pwani zote mbili. Nikamuuliza kwa ishara, bei? Akabinua mdomo vile vile wanavyobinua Lindi. Korosho zake, kama nyingi za kwetu, zinapakiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam kubanguliwa.

Nikakitazama kiganja. Wino ulikuwa umechanganyika na maji ya mabibo, lakini saa ilisomeka. Tulirudi gatini kimebaki kidato kimoja cha ziada.

Siku iliyofuata, kisiwa kingine, vijana walituchezea ngoma ya Vaca Bruto, na vinyago vya fahali vya mbao vyenye pembe za kweli. Bibi aliona kutoka kwenye kiti cha turubai walichomletea wenyewe. Mimi ngoma ya kuchezewa watalii hainikai vizuri, iwe Bijagós au Bagamoyo, ingawa tuliambiwa malipo yanaingia mfuko wa kijiji na kuna sehemu za kisiwa ambazo mgeni hakanyagi kabisa kwa sababu ni za mila. Hilo la pili nililipenda. Miezi mitatu baadaye UNESCO wakaviingiza visiwa hivyo kwenye Urithi wa Dunia.

Freetown ndiyo mwisho, na nilidhani boti zimekwisha. Hapana. Uwanja wa ndege uko Lungi, ng'ambo ya mlango wa mto, na watu wengi wanavuka kwa boti. Tulifika gatini usiku, mizigo yetu imetangulia, upepo umechafua maji kidogo, maboya yanagongana. Kijana wa pale akamsalimia Bibi, "Aw di bodi?" Mwili tena. Bibi, ambaye haoni kwa nini mtu aulize asichotaka kujua, akamweleza kwa Kiingereza habari za nyonga, mwaka iliowekwa na upande. Kijana akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kiganja amsaidie kuingia.

Bibi akakipita kiganja, akamkamata kifundo, akakaa ukingoni na kugeuza miguu.