Hawe alitaka kuiona sanamu ya askari

Nauli ya Malindi hadi Mombasa ilipandishwa asubuhi ileile tuliyosafiri, eti abiria ni wengi. Makanga akamkalisha hawe yangu, yaani bibi yangu, kwenye sambaza, ule ubao wa katikati, na akamtoza sawa na mwenye kiti. Bibi wa umri ule! Tulikwama Mtwapa kwenye foleni, yeye akisugua goti kimya, mimi nikigombana na makanga bila kupata hata shilingi.

Hawe alikuwa na haja moja tu mjini: aione sanamu ya askari ya Mwembe Tayari, kwa kuwa babu yake alichukuliwa vitani asirudi.

Jua lilikuwa kali tulipofika. Muuza kahawa mmoja alimwona hawe amesimama, akampisha kwenye benchi lake. "Kaa, mama, upumzike." Hawe aliketi, akaniambia nimsomee yaliyoandikwa. Nikasoma: ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana Vita Kuu, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Nikafika pale panapowaahidi kwamba hata wakifa, watoto wao watayakumbuka majina yao.

"Soma na hayo majina," akasema.

Hayapo. Nilizunguka sanamu yote nikitafuta, kisha nikarudi kumwambia. Alinyamaza kidogo, halafu akaanza kumsimulia muuza kahawa habari ambazo mimi mjukuu wake nilikuwa nimezisikia vipande vipande tu.

Kwao ni ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mwaka 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, watu wetu, kwa baruti, kwa sababu Wagiriama walikataa kutoa vijana wa kazi na kodi, na Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyeongoza upinzani ule, alikuwa amewaapisha watu wasitii. Mapigano yao na Waingereza yalipokwisha, Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa kutoa wapagazi 1,000. Walioishi kaskazini ya mto walifukuzwa kwenye mashamba yao, yaliyokuwa na rutuba kuliko huko walikosukumwa. Babake hawe alivushwa mto akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mbuzi waliuzwa kwa ajili ya faini. Mama wa mtoto huyo alilima ardhi ya kuazima, na njaa ilipoingia aliwalisha watoto mizizi ya mwituni, akimngoja mume aliyekwenda kubeba mizigo ya watu wengine.

Rekodi za Waingereza wenyewe zinataja zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, wengi kwa kuhara, malaria na chakula kibovu, si kwa risasi. Nilipomweleza hawe hayo, aliuliza swali ambalo sikulitegemea: "Na mshahara wake, nani alikula?" Nikamjibu ninavyojua, kwamba fedha za marehemu ambazo hazikudaiwa zilibaki serikalini. Wangedaije, hawajui alikofia, wala hawakuletewa barua? Bado jambo hilo linaniuma. Nyumbani tumezoea kusema ukoo wetu ni maskini tangu asili, na hatusemi kwamba kulikuwa na shamba, mbuzi na mume mwenye nguvu, vyote vikachukuliwa ndani ya mwaka mmoja.

Muuza kahawa alikataa kulipwa. Chumba tulicholala hakikuwa na feni, mbu walitumaliza, na bei yake sitaki hata kuikumbuka.

Usiku ule, kwa kuwa usingizi haukuja, hawe aliniambia nishike simu niandike. Akataja jina la babu yake, ambalo leo ni la kaka yangu, kama desturi yetu inavyotaka. Kisha akataja wanaume wengine aliotajiwa na babake, waliochukuliwa siku ile moja. Wengine alikumbuka jina la baba tu, wengine ukoo peke yake. Kuna wawili alisema nduguye aliyeko Marafa anawajua vizuri zaidi. Nimeahidi kumfuata kabla ya masika, maana naye ni mzee.