Mjamzito anapofikishwa chumba cha dharura

Mjamzito anaweza kuingia chumba cha dharura kwa miguu yake, akajibu kila anachoulizwa, huku ndani ya tumbo damu inavuja. Ugumu wa kumhudumia unaanzia hapo. Kufikia miezi ya mwisho ya mimba, damu yake huwa imeongezeka kwa kati ya asilimia 30 na 50, na moyo unapiga haraka kuliko kawaida hata akiwa mzima. Akiba hiyo humkinga asizimie mapema, lakini pia huwahadaa wanaomtazama. Mapigo ya moyo hupanda kwanza. Presha hujikaza, hujikaza, halafu inaanguka ghafla. Anayengoja presha ishuke ndipo aamini kuna hatari, huyo ameshachelewa.

Ndiyo maana namba zinazoandikwa dakika za mwanzo zina uzito kuliko sura ya mgonjwa. Kuna hesabu rahisi ambayo wahudumu wa uzazi huitumia: gawanya mapigo ya moyo ya dakika moja kwa presha ya juu, yaani ile namba ya kwanza kati ya mbili za presha. Ikifika 0.9 au zaidi, mjamzito huyo, au aliyetoka kujifungua, anahitaji kuangaliwa upya mara moja. Mwenye mapigo 112 na presha ya juu 104 anaonekana wa kawaida ukizitazama namba hizo moja moja. Zigawanye, unapata karibu 1.1, na hapo hakuna cha kumwambia akae kwenye benchi.

Mapokezini, sentensi ya kwanza inaweza kuokoa nusu saa. "Sijisikii vizuri" inampeleka mtu mwisho wa foleni. Sema hivi: "Nina mimba ya wiki 34, natokwa na damu tangu saa nne usiku, nimelowesha pedi mbili, na mtoto sijamsikia akicheza tangu jioni." Umri wa mimba, tatizo, lilipoanza, kiasi. Kama mgonjwa hawezi kusema, anayemsindikiza aseme hayo hayo, na asikubali kwenda kufungua faili kabla mgonjwa hajapimwa presha. Faili inaweza kufunguliwa na mtu mwingine.

Mimba changa itajwe pia, hata kama tumbo halijaonekana, hata kama ni siku za hedhi tu zilizopitiliza. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba huleta maumivu ya upande mmoja chini ya kitovu, damu kidogo ukeni, kizunguzungu, na wakati mwingine maumivu ya ncha ya bega. Hilo la bega huwachanganya wengi. Sababu yake ni damu iliyomwagika tumboni kuchokoza kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na neva zake zinatoka eneo moja la shingo na zile za bega. Mwanamke wa umri wa kuzaa aliyezimia na anaumwa tumbo apimwe mimba kwanza, hata akisema haiwezekani.

Kadi ya kliniki ije, pamoja na dawa zote zikiwa kwenye pakiti zake. Kwenye kadi wanatafuta kundi la damu, wingi wa damu, presha za mahudhurio yaliyopita, na kama kuna kovu la upasuaji. Presha ya 138/88 kwa aliyekuwa na 95/60 miezi yote si sawa na 138/88 kwa aliyekuwa na 130/80, na bila kadi hakuna atakayejua.

Kwenye kupima, makosa ni ya kila siku. Mkanda wa presha mdogo kwa mkono mnene hutoa namba ya juu kuliko ukweli. Mkono ukining'inia, namba inapanda. Ukiinuliwa juu ya moyo, inashuka. Mgonjwa akae ameegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, asiongee. Na pumzi zihesabiwe dakika nzima. Natamani hili lisingehitaji kusemwa, lakini fomu nyingi zina pumzi 20 kwa kila mgonjwa, kana kwamba wodi nzima inapumua kwa pamoja. Mimba humfanya mtu avute pumzi za kina zaidi, ila haiongezi sana idadi yake. Pumzi zaidi ya 24 kwa dakika zisisingiziwe mimba: huenda ni maambukizi, damu iliyoganda kwenye mapafu, moyo, au upungufu mkubwa wa damu.

Baada ya wiki ya 20 asilazwe chali. Mji wa mimba ulivyo mzito hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, presha ikashuka na mtoto akakosa hewa kwa sababu ya mlalo tu. Alale ubavu wa kushoto, au awekewe mto chini ya nyonga ya kulia. Mapigo ya mtoto yanatarajiwa kuwa kati ya 110 na 160.

Presha ndiyo inayohitaji maelezo marefu. Baada ya wiki ya 20, 140/90 si ya kupuuza. Ikifika 160/110, namba yoyote kati ya hizo mbili, inarudiwa ndani ya dakika 15, na ikibaki hapo dawa ya kuishusha itolewe ndani ya dakika 30 hadi 60. Inayoogopwa zaidi hapo ni kupasuka kwa mshipa wa damu kwenye ubongo. Dalili zinazoambatana na presha hiyo ni kichwa kuuma bila kusikia dawa ya maumivu, maluweluwe machoni, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Hayo ya mbavu hupewa dawa ya kiungulia mara nyingi mno, kumbe ini limevimba. Kuvimba miguu peke yake hakuthibitishi chochote, na kutovimba hakumwondoi mtu kwenye hatari.

Dawa ya kuzuia na kutibu kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha hiyo, ni magnesiamu salfeti. Njia inayotumika sana huanza na gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kwa dakika 5 hadi 20, kisha gramu 10 kwenye misuli: 5 tako moja, 5 lingine. Baadaye ni gramu 5 kila saa 4 kwa kubadilisha tako, au, kwa asiyechomwa zile gramu 10 za misuli, gramu 1 kila saa kwenye dripu, hadi saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote litakalokuwa la baadaye. Mgonjwa aambiwe mapema atakachosikia: joto linalopanda mwilini na usoni, jasho, pengine kichefuchefu. Sindano za matakoni zinauma, ndiyo maana huchanganywa na dawa ya ganzi. Asipoambiwa, lile joto la ghafla humfanya aamini anakufa, akang'oa kanula, yaani mrija wa mshipani.

Atawekewa mpira wa mkojo, na muuguzi atakuwa anamgongagonga goti. Magnesiamu hutoka kupitia figo. Figo zikizembea, dawa inarundikana. Kwanza goti linaacha kuruka, kisha pumzi zinapungua. Kwa hiyo kabla ya kila dozi hutazamwa mambo matatu: goti linaitika, pumzi si chini ya 16, na mkojo haujapungua chini ya mililita 100 kwa saa 4. Moja likikosekana, dozi inasimama. Dawa ya kuondoa sumu yake ni gramu 1 ya kalisiamu glukoneti, yaani mililita 10 za mchanganyiko wa asilimia 10, nayo iwe kando ya kitanda. Ya kwenda kutafutwa stoo haimsaidii mtu aliyeacha kupumua.

Mambo mawili huharibika sana hapa. La kwanza ni kudhani magnesiamu inatibu presha. Haitibu. Mwenye 170/115 anahitaji dawa ya presha pia, iwe nifedipini, labetaloli au haidralazini. La pili ni kumpakia mgonjwa kwenye gari la rufaa bila dozi ya kwanza. Dozi ya kuanzia itolewe kabla ya safari, na saa iliyotolewa iandikwe kwenye karatasi ya rufaa, vinginevyo hospitali ya pili ama itarudia ama itasita. Nyongeza ndogo: dripu zisimiminwe ovyo kwa mgonjwa wa presha ya mimba. Mishipa yake inavujisha, na maji yanayozidi huishia mapafuni.

Akishikwa na degedege, mgeuzeni alale ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimkandamize, wala msimtie kijiko mdomoni. Degedege baada ya wiki ya 20 huhesabiwa kuwa kifafa cha mimba na kutibiwa hivyo hadi ithibitike vingine, hata kama mgonjwa ana historia ya kifafa cha kawaida.

Damu nayo ina kanuni zake. Anayetokwa damu katika miezi ya mwisho asipimwe ukeni kwa vidole kabla ultrasaundi haijaonyesha kondo la nyuma lilipo. Kama limekaa juu ya mlango wa mji wa mimba, kidole kinaweza kufungua damu isiyozuilika. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Mmeshaona kondo liko wapi?" Damu ya kondo lililokaa vibaya mara nyingi huja bila maumivu. Kondo likibanduka kabla ya wakati, tumbo hukakamaa kama ubao na kuuma, na damu inayoonekana nje inaweza kuwa kidogo kwa sababu nyingine imenaswa nyuma ya kondo. Kwa hiyo pedi iliyolowa nusu haimtoi mtu kwenye orodha ya hatari. Pedi zilizotumika zisitupwe. Zije kwenye mfuko.

Huwekwa kanula mbili nene, za rangi ya kijivu au ya chungwa. Ya waridi ni nyembamba, damu hupita kwa kuchelewa. Damu huchukuliwa kwa ajili ya kundi, wingi, na kulinganishwa na ya benki ya damu. Pasipo maabara ya karibu, mililita chache huwekwa kwenye tyubu tupu ya kioo: isipoganda ndani ya dakika 7, au ikiganda donge laini linalovunjika kirahisi, uwezo wa damu kuganda umeharibika. Mgonjwa afunikwe, kwa kuwa baridi nayo huzuia damu kuganda. Mwenye kundi hasi aulizie sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto. Inatakiwa ndani ya saa 72 tangu damu itoke.

Chupa ikipasuka, kumbuka saa na rangi: ya kijani ina kinyesi cha mtoto. Kitovu cha mtoto, yaani kamba inayomuunganisha na kondo, kikitangulia nje, mama apige magoti, kifua chini, matako juu, na kitovu kisirudishwe kwa kusukumwa. Mtoto akipunguza kucheza, nenda siku hiyo hiyo. Baada ya ajali au kuanguka, mtoto afuatiliwe angalau saa 4 hata kama mama hana jeraha. Maambukizi makali yanahitaji antibayotiki ndani ya saa moja.

Kuna kosa jingine linalovaa vazi la huruma: kumnyima mjamzito kipimo kwa kuwa ana mimba. Picha moja ya eksirei ya kifua humfikishia mtoto mionzi kidogo mno, na mtoto huyo hana njia nyingine ya kupata oksijeni ila kupitia kwa mama aliyenyimwa picha. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, hizo kweli ziepukwe kuanzia wiki ya 20, isipokuwa daktari aamue vingine.

Tangu dalili zianze asile chochote mpaka daktari aseme, na saa ya mlo wa mwisho itajwe. Tumbo la mjamzito hurudisha chakula na tindikali kirahisi, na vikiingia mapafuni wakati wa nusu kaputi huleta balaa jipya. Hii ni sababu mojawapo ya madaktari kupendelea ganzi ya mgongo, damu na presha zikiruhusu.

Msindikizaji mwenye simu au kalamu ana kazi. Aandike kila presha na saa yake, kila dawa na saa yake, na aulize: "Nani atarudi kumwangalia, na saa ngapi?" Hali ikibadilika, asiseme "bado anaumwa". Aseme kilichobadilika: "Dakika kumi zilizopita alikuwa anajibu, sasa hajibu."

Kujifungua hakufungi hesabu. Kifafa cha mimba, damu nyingi na maambukizi vinaweza kuja baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na presha mara nyingi hupanda kati ya siku ya 3 na ya 6. Anayerudi chumba cha dharura ndani ya wiki 6 hana tumbo la kumtambulisha, kwa hiyo aanze kwa kusema: "Nimejifungua siku nane zilizopita." Awe na karatasi ya kuruhusiwa inayotaja presha ya mwisho, damu iliyopotea na dawa alizopewa. Kama hakupewa, aidai kabla ya kutoka wodini.