Paka mgeni ndani ya apatimenti

Paka wa Lamu hulala barazani na upepo humpiga mchana kutwa. Apatimenti ya Marekani msimu wa baridi ni kitu kingine: madirisha hayafunguliwi miezi kadhaa, na paka wawili wanachangia hewa, bakuli na sanduku la mchanga wanamojisaidia. Mmoja akipiga chafya, mwenzake keshapata.

Kwa hiyo paka anayetoka kwenye kituo cha wanyama, hata awe na karatasi zake za chanjo, akae chumba chake siku 14. Bafu linatosha. Kuna virusi vya mafua ya paka vinavyoweza kujificha hadi wiki mbili kabla ya dalili, na chanjo ya jana bado haijamkinga.

Asubuhi anza na mwenyeji: mlishe, safisha sanduku lake, ndipo uingie kwa mgeni. Ukitoka, nawa kwa sabuni na uvue kanga uliyompakatia. Wengi hukosea hapa: mlango wanaufunga vizuri, lakini kijiko cha kuchotea kinyesi ni kimoja.

Mkague kila siku. Tongo, makamasi au vidonda kwenye ulimi mara nyingi ni mafua. Uchafu mweusi sikioni, kama unga wa kahawa, mara nyingi ni utitiri. Duara lililonyonyoka manyoya na lenye magamba huenda ni choa, na hiyo huwapata watoto wako pia. Vimelea vyake hudumu zuliani zaidi ya mwaka.

Akitapika, akiharisha na kukataa chakula, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Huenda ni panlukopenia, inayoua watoto wa paka upesi. Virusi vyake hukaa sakafuni hadi mwaka, na jeli ya mikono yenye spiriti haiviui. Tumia jiki ya kawaida, mililita 30 kwa lita 1 ya maji. Osha kwanza kwa sabuni, maana uchafu huimaliza nguvu klorini ya jiki, kisha pakaza jiki, acha dakika 10, suuza. Kamwe usiimwage juu ya mkojo. Hutoa gesi inayochoma mapafu.

Dai kipimo cha damu cha lukemia ya paka na ukimwi wa paka, FeLV na FIV kwenye karatasi. Lukemia hupitia mate, yaani kulambana na kuchangia bakuli. Maambukizi mapya huenda yasionekane, kwa hiyo rudia kipimo baada ya siku 30 au zaidi. Ukimwi wa paka hauwapati binadamu. Huenea hasa kwa kuumana hadi kutoboana, na paka walioelewana huweza kuishi pamoja, kwa hiyo usikimbilie kumrudisha. Kwa mtoto wa chini ya miezi 6, jibu la kwamba ana ukimwi wa paka laweza kuwa kingamwili za mama yake tu.

Viroboto? Usithubutu dawa ya mbwa yenye permethrini, huua paka.

Mjamzito asiguse sanduku. Kama hana msaidizi, avae glavu na achote kila siku, kwani vimelea vya toksoplasma, vinavyotoka na kinyesi cha paka na vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni, huhitaji angalau siku moja nje kabla ya kuanza kuambukiza.