Maji ya Jagi au ya Chupa?

Mhudumu wa mkahawa anapouliza kama nataka maji ya jagi au ya chupa, mimi humrudishia swali: haya ya jagi yametoka wapi? Sehemu kubwa ya maji ya mfereji jijini Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, nayo husafishwa na kutiwa klorini huko Ng'ethu kabla ya kutufikia, kwa hivyo chanzo chenyewe hakinitii shaka. Shaka yangu iko kwenye tangi la juu ya paa, ambalo majengo mengi hulitegemea kwa sababu ya mgao wa maji, na ambalo lisiposafishwa huchafua maji yaliyofika yakiwa salama. Isitoshe, mgao ukizidi, wengine hununua maji ya malori au huvuta ya visima virefu, na visima vingi vya jiji hili vina floridi nyingi, madini yanayodhuru meno yakizidi. Kuchemsha huua vijidudu. Floridi hubaki pale pale.

Mhudumu akinijibu bila kusita kwamba maji yamechemshwa, nami nikaona jagi limefunikwa, nitakunywa kwa furaha, kwani chupa za plastiki zinazoziba mitaro yetu zinanihuzunisha mno. Akibabaika, naagiza chupa na kuomba ifunguliwe mbele yangu, nitazame alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kuhakikisha kwamba kizibo hakijaguswa. Barafu naikataa, maana haifai kununua maji safi na kuyatia maji mengine nisiyoyajua. Ningependa sana mikahawa iandike kwenye menyu maji yake yametoka wapi, kama inavyoandika bei.