Bega likisharudi, usiondoke kando ya mgonjwa

Mimi ni nesi wa kitengo cha dharura hapa Dar es Salaam. Usiku ulionifundisha kazi hii nilikuwa na mwaka wa pili tu. Waliletwa majeruhi watatu kwa mpigo, mmoja wao kijana wa bodaboda aliyeanguka barabara ya Kilwa, bega limeteguka. Alichomwa pethidini, dawa kali ya maumivu, kisha diazepamu ya kumtuliza. Bado analia. Akaongezewa diazepamu. Daktari akavuta mkono, bega likaingia, wote tukashusha pumzi. Daktari akaitwa kitanda kingine, mimi nikageukia faili.

Mama yake ndiye aliyeniita. "Nesi, mbona mwanangu kalala hivi?"

Nikatazama kifua. Hakipandi. Nikainua kidevu chake, nikapiga kelele ya msaada, nikanyoosha mkono kuchukua mfuko wa kupumulisha. Haupo. Ulikuwa kabatini, upande wa pili wa chumba, na sijawahi kuona chumba kirefu kama kile. Tulimpumulisha mpaka akaanza kuvuta pumzi mwenyewe. Asubuhi akaomba chai.

Dozi haikuwa ya ajabu. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakimweka macho. Bega liliporudi, maumivu yakaondoka na dawa zikabaki bila mpinzani. Pethidini peke yake hupunguza pumzi; ikikutana na diazepamu, hatari inaongezeka. Kwa hiyo dakika za kuogopa zaidi ni zile ambazo kila mtu anadhani kazi imekwisha.

Tangu hapo dawa haiingii mshipani kabla sijaweka mfuko na barakoa inayomtosha mgonjwa pale pale kichwani. Mashine ya kunyonya mate naiwasha nisikie inavuta. Tena lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama pumzi tu: havuti mkono, haandiki, hapokei simu. Kipimo cha kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu kinasaidia, lakini mgonjwa aliye kwenye oksijeni anaweza kuacha kupumua na namba ikabaki nzuri kwa dakika kadhaa. Mimi naweka kiganja kifuani.

Siku hizi kwa bega au mfupa tunatumia zaidi ketamini, dawa ya usingizi, kwa sababu inaua maumivu na mara nyingi mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Mtu mzima tunaanza na miligramu 1 kwa kilo, taratibu, kwa dakika nzima au zaidi. Ukiisukuma haraka, pumzi inaweza kusimama. Macho hubaki wazi yakichezacheza, basi nawaambia ndugu mapema wasije wakadhani amekufa.

Na yule mgonjwa anayeletwa akipiga watu mateke? Ndugu watakwambia, "Sista, mchome alale." Namtoboa kidole kwanza, nipime sukari. Mama mmoja aliyeshikwa na wanaume wanne alikuwa na sukari ya damu 1.8 mmol/L, chini mno. Alipopata glukosi ya mshipani alitulia, akauliza viatu vyake viko wapi. Ningemlaza, ningemficha ugonjwa wake.

Wiki iliyopita dereva mwingine wa bodaboda alirudishwa bega. Saa moja baadaye anaongea vizuri, anadai ufunguo wa pikipiki, abiria wanamsubiri. Nikamwambia, "Kaka, leo huendeshi." Ufunguo nilimkabidhi mdogo wake, mkononi, nikawasindikiza mpaka getini.